Mama Chaki na Nati za Kigari cha Saba

Baada ya miaka thelathini na mitatu na miezi minne ya utumishi, mwenzetu tunayemfahamu sote kwa jina la Mama Chaki anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, saa kumi jioni. Anaondoka akiwa Fundi wa Paa, Daraja la Pili. Hilo la daraja tafadhali msiliruke, nitalirudia.

Nimepewa heshima ya kuandika wasifu huu, utakaochapishwa kwenye ratiba ya sherehe na kusomwa ukumbini mbele ya familia yake. Kwa wasionijua, mimi ni Msimamizi wa Usafi wa uwanja huu, mtu wa ndoo na mafagio, huu ni mwaka wangu wa ishirini na mbili kazini. Nimeagizwa niandike kurasa chache za maneno matamu, na Afisa Habari ameniomba kwa upole nisiiguse siku moja tu, ile ya ufunguzi wa uwanja. Nimejaribu. Rasimu ya kwanza ilikuwa tamu mpaka mimi mwenyewe ikanishinda kumaliza kuisoma.

Tatizo ni barua. Katika faili la Mama Chaki ipo barua moja ya onyo, ya miaka tisa iliyopita, na ndiyo iliyomzuia kupanda daraja hadi leo. Afisa Utumishi amenieleza kanuni: barua kama hiyo huondolewa tu endapo mtu anayelijua jambo lenyewe ataleta ushahidi wa maandishi kabla ya mtumishi kumaliza siku yake ya mwisho. Ijumaa saa kumi faili linafungwa, na kilichomo kinabaki humo. Leo ninapoanza kuandika ni Jumatatu. Mtu mwenye ushahidi huo yupo hapa kazini na tutamfikia. Kwanza mambo mazuri, maana ni mengi.

Mama Chaki aliajiriwa kwenye uwanja wa zamani, ule wa majukwaa ya zege na vyoo viwili, akiwa fundi wa kuchomelea vyuma kwa miezi mitatu ya majaribio. Alikuwa mwanamke pekee kwenye karakana. Siku ya kwanza wenzake walimpa geti lililokuwa limewashinda, wakakaa pembeni na chai yao wamtazame akiadhirika. Alilimaliza chai haijapoa, akaomba na yeye kikombe.

Wazee wa kazi hawajasahau fainali ile ambayo mwamba wa goli uliachia upande mmoja, robo saa kabla ya mechi. Timu zote mbili zimesimama, mwamuzi anatazama saa, mashabiki wanapiga miluzi. Mama Chaki alitoka na mashine yake ya kuchomelea, akapanda ngazi, akaunga, na chuma kilipopoa akaudaka mwamba kwa mikono miwili, akaning'inia juu yake mbele ya uwanja mzima ili mwamuzi aridhike. Kipindi cha pili mpira uligonga mwamba huohuo ukarudi, na waliofungwa wakadai fundi ameushusha kwa makusudi. Alirudi na futi kamba, akapima mbele yao, akawataka nao wapime. Hakuna aliyejitokeza.

Kisha uwanja ule ukabomolewa na huu wetu ukajengwa palepale. Wenye kuhesabu mambo hayo walituingiza kwenye orodha ya viwanja vya michezo vilivyojengwa kwa gharama kubwa kuliko vyote duniani. Afisa Habari akaichapa orodha, akaibandika ubaoni karibu na mlango wa kantini, sisi tukiwa nafasi ya saba. Watu walipiga picha nayo. Tulitembea vifua mbele muda mrefu, mpaka huko kwingine wakajenga vyao, tukateremka hadi ya tisa, na orodha ikatoweka ubaoni bila maelezo. Mama Chaki peke yake ndiye aliyewahi kuuliza kama kuna orodha ya viwanja vinavyokaguliwa kuliko vyote.

Mimi bei ya uwanja huu niliijua kwa dawa za kusafishia. Marumaru ya ukumbi wa wageni ina dawa yake, vioo vya lifti vina yao, na viti vya ngozi vya jukwaa kuu vina mafuta ambayo nilikabidhiwa kichupa chake kama ninayekabidhiwa mtoto mchanga. Kila mfanyakazi alishakalia viti vile, hata kwa kuiba dakika mbili za mapumziko. Mama Chaki hajawahi. Alisema atavikalia siku atakayokuwa hana kazi ya kufanya humu ndani.

Lakini kilichokuwa ghali kuliko vyote ni paa. Paa peke yake liligharimu kuliko uwanja mzima wa zamani. Ni mbawa mbili za chuma zinazotembea juu ya reli, zimebebwa na vigari kumi na viwili, na kila kigari kimekazwa kwa nati arobaini na nane. Jumla yake ni nati mia tano sabini na sita. Nina sababu ya kuijua hesabu hiyo.

Kila nati aliyoikaza Mama Chaki, aliichorea mstari mmoja wa chaki nyeupe, kuanzia juu ya nati mpaka kwenye chuma cha pembeni. Nati ikilegea hata kidogo, mstari unakatika: nusu unabaki kwenye chuma, nusu unahama na nati. Basi kila asubuhi alipanda kwenye ujia wa juu, mita sitini kutoka kwenye nyasi, akatembea na tochi akiangalia mistari. Umenyooka, anapita. Umekatika, anatoa spana. Kwa dakika arobaini anakuwa amezimaliza nati zote.

Wahandisi waliolijenga paa walimcheka mpaka basi. Uwanja wa bei hii unalindwa na chaki ya darasani? Chumba cha mitambo kilikuwa na skrini sita, zote zinawaka kijani. Mama Chaki aliwaeleza kwa adabu kwamba skrini zinapima mota na magurudumu, na hazina habari na nati. Ghala likakataa kuagiza chaki kwa kuwa si kifaa cha hadhi ya uwanja. Akawa ananunua mwenyewe, boksi moja kila mwezi, kwenye duka la vifaa vya shule, na jina likamganda hapo.

Vigari navyo alivipa ukoo. Cha kwanza ni Shangazi, kwa sababu hulalamika kabla hajaguswa. Cha tatu na cha nne ni Mashemeji, wakikutana hawaishi kelele. Cha saba, kinachobeba mzigo mkubwa kuliko vyote, ni Mama Mkwe. Huyo hapitwi bila kuamkiwa, tena kwa kuinama, maana pale boriti imeshuka mpaka usawa wa kifua.

Sasa siku yenyewe. Afisa Habari, kama unasoma, nisamehe.

Siku moja kabla ya ufunguzi, asubuhi, paa lilifunguliwa na kufungwa mara nne kwa mazoezi. Adhuhuri Mkurugenzi wa wakati ule alipitisha wageni mpaka kwenye ujia wa juu, akashuka amekunja uso. Alisema ameona kule juu michoro kama ya watoto wa chekechea. Aliagiza ifikapo saa kumi na moja jioni uwanja mzima usiwe na doa hata moja, na atakayeacha doa ajue unga wake umemwagika. Agizo likashuka ngazi kwa ngazi mpaka likamfikia Msimamizi wa Usafi.

Ni mimi huyo. Mwandishi wa wasifu hatakiwi kujiingiza kwenye wasifu wa mwenzake, lakini sina mlango mwingine wa kupitia.

Nilichukua vibarua wanne, ndoo nne, sabuni ya maji na vitambaa vyetu vya bluu, tukapanda. Mama Chaki alikuwa geti la mizigo akipokea mafuta ya mashine. Tulifuta mistari yote kwa saa mbili na nusu, chuma kikang'aa kama sufuria mpya. Msije mkadhani sikujua mistari ile ni ya nini. Nilijua. Mwenyewe alinionyesha miezi miwili kabla, kwa fahari, akanishikisha na chaki. Nilijua, nikaogopa kumwaga unga, nikajidanganya kwamba atachora mingine kesho yake. Kana kwamba unaweza kuchora mstari mpya juu ya nati ambayo hujui imesimama wapi.

Na kuna baya zaidi, ambalo sijamwambia mtu, hata mke wangu. Kwenye kigari cha saba, kwa Mama Mkwe, niliona mistari minne imekatika. Nusu huku, nusu kule. Nilisimama na kitambaa mkononi. Vibarua walikuwa wameshafika kigari cha nane wanaimba. Nikajiambia mkono wake uliteleza alipokuwa anachora, pale ni pafupi, mtu huchora ameinama. Nikafuta.

Asubuhi ya ufunguzi, saa moja na nusu, Mama Chaki alipanda na tochi yake. Saa mbili kasorobo alikuwa ameshashuka, na walinzi wa zamu wanasema hawakuwahi kumwona akitembea haraka namna ile. Aliingia chumba cha mitambo, akachomoa ufunguo wa paa mezani, akautia mfukoni, akafunga kifungo cha mfuko. Kisha akamwambia Mkurugenzi kwamba paa halitasogea hata inchi moja mpaka akague kila nati kwa spana.

Ratiba ilisema saa tisa alasiri, mbele ya watu elfu sitini na wageni kutoka nchi ishirini, paa lifungwe polepole huku muziki ukipigwa. Hiyo ndiyo ilikuwa sherehe yenyewe. Mkurugenzi alimwonyesha skrini, kijani tupu. Akamtajia bei ya paa. Akamtajia bei ya uwanja. Akamtajia na orodha ya kwenye ubao wa kantini. Mama Chaki alisikiliza yote amesimama, halafu akauliza swali moja tu: nani amefuta alama zangu? Chumba kile kilikuwa na watu tisa, na mmoja wao alikuwa mimi, nimeitwa kupiga deki. Nilifyata ulimi.

Hesabu ilikuwa mbaya. Nati moja ilihitaji dakika moja, kwa hiyo zote zilihitaji zaidi ya saa tisa za kazi. Sherehe ilikuwa imebakiza saa saba. Mafundi wenzake walikuwa wamegawanywa kwenye milango na lifti, na yeye alihitaji mtu wa kumshikia tochi. Nikajitolea. Watu wakaniona mwungwana kweli.

Mimi ni mtu wa sakafu, ndugu zangu. Mita sitini juu, chini ya viatu kuna wavu wa chuma, na chini ya wavu hakuna kitu mpaka kwenye nyasi. Alianza na Shangazi. Anaweka spana, anasukuma, anasikiliza, anachora mstari. Nati inayofuata. Nilichotakiwa kusema ni maneno machache tu: nenda kigari cha saba. Angekwenda moja kwa moja, ingekuwa saa mbili asubuhi, mkandarasi angeitwa, na pengine muda ungetosha. Maneno yale niliyatafuna kutoka kwa Shangazi mpaka kwa Mashemeji. Kwenye kigari cha tano nilifungua kinywa, akanyanyua kidole ninyamaze kwa sababu alikuwa anasikiliza nati. Nikashukuru. Kati ya yote niliyofanya, hilo la kushukuru ndilo linaloniuma mpaka leo.

Saa tano milango ikafunguliwa na watu wakaanza kuingia. Kelele zao zilipanda mpaka zikatetemesha wavu. Redio yake ya mkononi iliita kila baada ya dakika chache: uko wapi, rudisha ufunguo, Mkurugenzi anakuja juu. Mkurugenzi hakuja juu. Mama Chaki alipunguza sauti ya redio akaendelea. Saa sita mawingu yalianza kujikusanya upande wa jukwaa kuu, mazito.

Saa saba na dakika kumi tulifika kwa Mama Mkwe. Aliinama, akaamkia kama kawaida yake, akaweka spana kwenye nati ya kwanza. Sawa. Ya pili, sawa. Tukaenda hivyo mpaka ya kumi. Ya kumi na moja haikuhitaji spana. Aliishika kwa vidole viwili ikazunguka kama kizibo cha chupa. Ya kumi na mbili hivyohivyo. Ya kumi na tatu. Ya kumi na nne. Nne zimefuatana, mahali penye mzigo kuliko pote, na bolti zake zimeanza kutoka kwenye matundu.

Hakupiga kelele. Alikaa kitako kwenye ujia, akaweka spana pembeni, akatazama chini kupitia kwenye wavu. Nami nikatazama. Chini yetu kabisa ilisimama kwaya ya watoto wa shule, fulana za njano, wanafundishwa kupunga mikono paa litakapoanza kutembea. Nilitapika. Mama Chaki alinipa chupa yake ya maji, hakuniuliza kitu.

Paa halikufungwa. Saa tisa kamili Mkurugenzi alisimama kwenye kipaza sauti, akafika penye maneno ya paa, akanyoosha mkono juu, na watu elfu sitini wakatazama juu. Tulikuwepo mimi na Mama Chaki, vidudu viwili kwenye boriti. Saa tisa na robo mvua ikashuka, si manyunyu, mvua. Viti vya ngozi vikalowa, suti zikalowa, ngoma za beni zikalowa mpaka zikagoma kulia. Magazeti ya kesho yake yaliandika juu ya mwavuli ghali kuliko yote duniani, uliogoma kufunguka siku ya mvua. Mtangazaji mmoja wa redio akamwita Mama Chaki fundi aliyeogopa kubonyeza kitufe, na watu wakaudaka utani ule mitaani.

Mkandarasi alibadilisha bolti zote za kigari cha saba ndani ya wiki moja, kimyakimya. Uwanja wa bei hii hauwezi kutangaza kwamba nati zake zilizungushwa kwa vidole. Taarifa iliandikwa kwamba kulikuwa na hitilafu ndogo, na barua ikaandikwa kwamba Mama Chaki amekaidi agizo na ameshindwa kulinda alama za ukaguzi. Kwenye kikao walimuuliza nani alizifuta. Alijibu kwamba alama ni zake na mwenye kuulizwa ni yeye. Mimi nilikuwa kwenye korido na ufagio wangu, na mlango haukuwa umefungwa vizuri.

Walimpeleka ghala kwa miezi kumi na minne. Sijui kama mnaelewa maana yake kwangu. Ghala ndilo linalotoa vifaa vya usafi. Kila Jumatatu nilisimama dirishani kwake kuchukua sabuni na vitambaa vya bluu. Alihesabu, akaandika, nikasaini, akaniuliza watoto hawajambo. Hawajambo, Dada, nilimjibu, Jumatatu baada ya Jumatatu.

Nyumbani kwake mambo hayakuwa mepesi. Binti yake alikuwa kidato cha mwisho, na akiulizwa mama anafanya kazi wapi, alijibu hospitali. Mumewe, fundi cherehani, aligombana na wateja wawili waliomletea utani wa kitufe dukani, akawarudishia vitambaa vyao havijashonwa. Mama yake mzazi, ambaye siku hizi ana miaka zaidi ya themanini, aliisikia habari kwenye redio yake ndogo ya jikoni. Alimwita, akamkalisha, akamuuliza kama ni kweli aliogopa. Mama Chaki alimjibu kwamba kazi ina siri zake. Bibi akachukulia kwamba ni kweli, na mpaka wiki hii anaamini hivyo.

Walimrudisha juu kwa sababu walioshika nafasi yake walihitaji siku mbili kukagua kile alichokagua kwa dakika arobaini. Tangu hapo paa limefunguliwa na kufungwa mara elfu moja mia moja na kumi na nne, halijamdondoshea mtu hata msumari. Amefundisha mafundi sita, wanne kati yao leo wana daraja la juu kuliko lake na bado wanamwamkia wakipishana naye kwenye ngazi. Wahandisi wale wale waliomcheka wamerudi kumwomba awaeleze vizuri ule mstari unachorwaje. Ghala sasa linaagiza chaki kwa katoni.

Sasa ni Jumatano, na nimerudi kwenye meza hii.

Asubuhi hii nilimwomba nifuatane naye kwenye mzunguko wake wa mwisho, kwa kisingizio cha kukusanya habari za wasifu. Nilikuwa nimepiga moyo konde kwamba nitamwambia. Tulipanda. Akamsalimia Shangazi, akawatania Mashemeji. Nilipanga kusema kwenye kigari cha pili, nikaahirisha hadi cha tano. Kwa Mama Mkwe aliinama, akaangalia mistari kwa tochi, kisha akafuta mmoja kwa kidole gumba, nati ya kumi na moja, akaikaza upya na kunipa chaki niuchore mimi. Nikaipokea. Alinitazama usoni.

"Leo umekuja bila kitambaa," akasema.

Alijua. Asubuhi ile ya ufunguzi aliokota kitambaa cha bluu kimenaswa kwenye wavu wa kigari cha nane, na humu ndani vitambaa vya bluu vina mwenyewe. Alijua akiwa anauliza swali lake chumba cha mitambo. Alijua nikiwa nimemshikia tochi, alijua aliponipa maji, alijua Jumatatu zote za dirishani. La mistari minne ndilo hakulijua, nikamwambia palepale, nikiwa nimepiga magoti na chaki mkononi. Alichukua tochi, akamulika nati ya kumi na moja mpaka ya kumi na nne, moja baada ya nyingine.

Hakunipaka mafuta. Alisema alinikasirikia, tena sana, na zaidi siku ile mama yake alipomkalisha jikoni. Alisema angenitaja, mimi na vibarua wanne tungefukuzwa kabla jua halijazama, watu watano wenye watoto, ilhali yeye kwa uzoefu wake wasingethubutu kumpa zaidi ya barua. Akaona alipe yeye kwanza, na mimi nije nimalizie mwenyewe.

"Nilidhani utachukua wiki moja hivi," akasema. "Umechukua miaka tisa. Mzito wewe, mdogo wangu, haijapata kutokea."

Nikachora mstari. Ukatoka umepinda. Aliuangalia, akasema utafaa.

Niliposhuka sikupitia kantini. Nilikwenda Ofisi ya Utumishi na sare zangu za usafi, nikaomba karatasi, nikaandika yote mliyoyasikia, nikasaini kila ukurasa. Afisa Utumishi alisoma mara mbili, akaniuliza kama ninaelewa kwamba kuna matokeo kwangu. Nilimjibu kwamba nimeyangoja miaka tisa. Alisema uamuzi si wake, ni wa uongozi, na hawezi kuahidi kama utatoka kabla ya Ijumaa saa kumi. Nimeacha nafasi hapa chini kwa ajili ya jibu.

Alhamisi, saa nne asubuhi. Hakuna jibu. Mpiga chapa anataka kurasa hizi saa tisa.

Alhamisi, saa saba. Hakuna jibu. Afisa Habari amesoma yote haya, amerekebisha nukta mbili na kunirudishia.

Alhamisi, saa nane na dakika ishirini. Jibu limetoka. Barua ya onyo imeondolewa kwenye faili la Mama Chaki, na nyingine imeingia kwenye langu. Nimesaini kupokea. Kuanzia tarehe iliyokuwa kwenye barua ile, yaani miaka tisa iliyopita, anatambuliwa kuwa Fundi Mkuu wa Paa. Mstari wa pili wa wasifu huu nimeuacha kama ulivyo ili kila mtu aone tulivyotaka kumwachia aondoke.

Mama mzazi, najua utakuwa safu ya mbele na kwamba haya unasomewa kwa sauti. Shikamoo. Binti yako hakuogopa kitufe. Walikuwepo watoto mia mbili wa fulana za njano chini ya lile paa, na wote walirudi kwao wakiwa wamelowa tu. Aliyeogopa siku ile ni mimi.

Dada, tunakushukuru kwa miaka thelathini na mitatu, kwa kila asubuhi uliyopanda na kila mstari uliouchora, na mimi nakushukuru kwa maji ya ile chupa. Tunakutakia pumziko refu, magoti yasiyouma na asubuhi zisizo na ngazi, pamoja na mumeo, binti yako na Bibi. Ijumaa saa kumi kasorobo, kabla faili halijafungwa, paa litafungwa kwa heshima yako, na mafundi wako sita wameshakagua nati zote. Utalitazama ukiwa umekaa jukwaa kuu, safu ya kwanza, kiti cha katikati. Nimekifuta mwenyewe.